Miaka Mitatu Kwenye Mizani, na Siku Niliyotangaza Uzito wa Zuhura

Nimestaafu. Najua neno hilo litawachekesha, maana nina miaka kumi na saba, na wastaafu wote ninaowajua wana mvi. Lakini mtu akifanya kazi miaka mitatu, kila Jumamosi na kila likizo, kisha akarudisha penseli, mie sijui aitweje. Mwezi ujao naenda bweni, mbali, kusomea ualimu. Nyie wawili mtakaoshika mizani baada yangu mliniomba niwaeleze kazi, nikasema nitaandika. Mnanijua. Nikisimama mbele ya watu watatu sauti inakimbilia tumboni. Kwenye daftari inatoka.

Kazi yenyewe ni hii. Kila Jumamosi asubuhi, vijana walioandikwa na daktari huja dispensari yetu ya Temeke kupimwa uzito. Wengi ni wembamba. Hao hupewa maziwa ya unga na mafuta ya samaki, na mama zao huambiwa watie karanga kwenye mboga. Wachache ni wanene, na hao hupewa karatasi ya vyakula na amri ya kutembea. Kila mmoja ana kadi. Mnampima, mnaandika, mnamwonyesha mzazi, basi. Ukisikia hivyo utadhani kazi nyepesi.

Aliyenifundisha ni dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa wetu, Mzee Kibwana. Kabla yangu mizani ilishikwa na dada mmoja mwenye sauti ya muuza samaki. Mtoto akipanda, yeye huangalia ulimi wa mizani na kupaza: "Ratili mia na kumi!" Benchi zima linageuka. Mwezi haukuisha, benchi likabaki nusu. Watu hawakugomba wala hawakushitaki, waliacha tu kuja. Ndipo Mzee Kibwana akaja shuleni kwetu akamwambia mwalimu, "Nipe msichana anayejua hesabu na asiyependa kusema." Mwalimu alininyooshea kidole bila hata kuinua kichwa.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kanisani. Mzee Kibwana alivitazama, akasema, "Karibu, Bibi Arusi. Fagia." Nikafagia. Kisha akanionyesha mizani. Ilikuwa imetoka kwa mnunuzi wa nazi kavu, na hadi leo siku ya mvua inanuka mbata. Kila asubuhi, kabla mtu hajapanda, sogezeni kile chuma kinachoteleza juu ya fito mpaka mwanzo muone kama ulimi unatulia katikati. Usipotulia, msianze kulaumu watoto. Pimeni kabla ya uji. Viatu nje. Kanga moja tu, na ncha zifunguliwe, maana watu hufunga vitu vya ajabu kwenye ncha za kanga. Wavulana wageuzeni mifuko. Kulikuwa na mmoja wa Keko aliyekuwa akinenepa kila wiki tukamsifu, kumbe anajaza mawe mfukoni ili afutwe kwenye orodha ya mafuta ya samaki. Nilipoyatoa mezani alinitazama kwa majonzi, akasema, "Sista, umewahi kuyaonja lakini?" Nikayaonja siku ile. Nikamsamehe.

"Sasa hili ndilo kubwa," Mzee Kibwana aliniambia. "Wewe mtu wa bara. Kwenu gunia likipimwa hutangazwa?"

"Hutangazwa, Mzee."

"Mtoto wa mtu si gunia. Uzito wake hausemwi kwa sauti. Unaandika, unamwonyesha mzazi, unasema mashallah."

"Mie Mkristo, Mzee."

"Mizani haikuuliza. Sema mashallah."

Nikajifunza. Nikawa nainamisha kadi, naweka ncha ya penseli chini ya namba, mama anaangalia, nanong'ona mashallah, anashusha pumzi. Ndani ya miezi miwili benchi lilijaa tena. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu aibu yangu kumfaa mtu.

Zuhura aliletwa mwaka wangu wa pili. Alikuwa rika langu, miaka kumi na mitano, binti wa Mzee Salim mwenye duka la kona karibu na soko, wale Waarabu ambao babu zao walizaliwa hapa hapa. Mama yake alikwisha kufariki. Alilelewa na bibi yake mzaa baba. Alikuwa mnene hasa, na mzuri, na watu wa mtaani walimsifu kama wanavyosifu nyumba ya mawe. Lakini akipanda ngazi mbili za barazani anakaa kitako kutafuta pumzi. Daktari alimsikiliza kifua, akaandika barua: moyo unachoka, uzito upunguzwe, apimwe kila wiki.

Bibi yake alikuja na ile barua kaishika kwa vidole viwili kama panya.

"Apunguzwe?" alimwambia Mzee Kibwana. "Mwanangu apunguzwe, kwani ni suruali?"

"Bibi, ni pumzi yake tunayoitafuta."

"Pumzi anayo. Wewe hujamsikia akinisuta."

Zuhura akacheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi ndicho kilichomshinda bibi. Alikaa. Mzee Kibwana akamsomea karatasi ya vyakula: samli iachwe, sambusa ziachwe, halua hata kwa macho isionwe, mchicha, samaki wa kuchoma, wali wa maji kiganja kimoja, chai kavu. Bibi alisikiliza kama mtu anayesomewa kifungo. Mwishoni akauliza, "Na sisi wengine?"

"Nyinyi kuleni mnavyokula."

"Sisi tule sambusa mbele ya huyu mtoto? Tumekuwa makafiri?" Kisha akanitazama, akakumbuka, akasema, "Samahani, mwanangu."

Basi nyumba nzima ikaacha samli. Nilifikiri ni maneno tu, lakini nilipopita dukani kwao saa ya chakula nilimwona Mzee Salim, mtu mzima mwenye kitambi chake halali, anatafuna mchicha wa kuchemsha kwa uso wa shahidi. Kaka wawili wakubwa wa Zuhura walikuwa wanakwenda kula sambusa kwa jirani kwa kujificha, bibi akawakamata, akawafokea barabarani. Na kila asubuhi baada ya swala, Mzee Salim alimtembeza Zuhura. Walitoka dukani mpaka Mtoni na kurudi, yeye mbele kidogo na pindo la kanzu kalishika mkononi, akihimiza: "Mikono, Zuhura! Tembeza mikono! Kuku wa Bi Mkubwa anakupita!"

Walipita mbele ya nyumba yetu. Hapa ndipo naandika kitu ambacho sijakisema kwa mdomo. Nilikuwa naamka mapema nichote maji, nikawa naamka mapema zaidi ili niwaone, na nikiwaona nilikuwa naumia.

Msidhani nilitaka kuwa mnene, au kuwa na duka. Mie mwenyewe nilikuwa njiti. Nilistahili kadi ya mafuta ya samaki, na hakuna aliyewahi kuniambia nipande. Baba yangu ni karani, mtu mwema, hapigi wala halewi. Anarudi, anakula, anafungua gazeti. Tuko watoto wanane. Siku moja, wiki ile ile ninayotaka kuieleza, nilimsikia anamuuliza mama, "Hivi Skola yuko darasa la ngapi?" Mie nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika sahani yake.

Mtasema, unamwonea wivu yatima wa mama? Ndiyo. Nilimwonea. Zuhura alipokuwa mnene alisifiwa, na alipoanza kukonda akasifiwa tena. Akila anatazamwa, asipokula anatazamwa. Kila Jumamosi alikuja na msafara, bibi, baba, mara na kaka mmoja, akapanda mizani kama mtu anayepanda jukwaa, na mie ndiye niliyesogeza chuma na kuandika kwa mwandiko mzuri kwamba Zuhura amepungua ratili mbili, Zuhura amepungua ratili moja na nusu. Na alikuwa mpole kwangu, hilo ndilo baya. Aliniita shoga. Aliniambia, "Skola, wewe una bahati, unakula unachotaka na hakuna anayekuhesabia tonge." Nikajibu, "Ni kweli." Usiku huo daftari langu lilipata kurasa nne ambazo nimezichana.

Sasa ile Jumamosi. Benchi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Zuhura aliingia na baba yake; bibi alikwisha kutangulia benchini. Walikuwa wametembea moja kwa moja kutoka Mtoni, pindo la kanzu limelowa umande. Zuhura alikuwa anatoka jasho lakini hahemi, na Mzee Salim akachukua ncha ya kilemba chake, akamfuta mwanawe paji la uso, taratibu, huku akizungumza na mtu mwingine, kama mtu anavyofuta uso wake mwenyewe. Zuhura akapanda. Nikasogeza chuma. Nikasogeza tena. Nikaangalia kadi.

Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Ratili mia moja arobaini na nane! Zimepungua ishirini na mbili!"

Benchi zima likageuka. Watu walingoja neno lile linalofuata, na mie nililijua, nilikwisha kulisema mara elfu. Mdomo ulikuwa wazi na neno halikutoka. Nilibaki namtazama Zuhura tu. Bibi yake aliinuka, akamfunika kanga kichwani kama mtu anayeokoa nguo mvua ikinyesha, akamshusha. Wakaondoka bila kuchukua kadi.

Jumatatu Zuhura alishikwa na homa. Homa ya siku tatu, ya kawaida, mtaa mzima ulikuwa nayo. Lakini nani angemwambia bibi hivyo? Nyumbani kwao walisema binti kapigwa jicho la husuda mizanini, na aliyempiga anajulikana. Samli ikarudi jikoni. Kutembea kukakoma. Jumamosi iliyofuata hakuja, na ya pili hakuja. Wanene wengine watatu nao hawakuja. Wiki ya tatu nilipita dukani, nikamwona kakaa kwenye gunia la mchele, mkono kifuani, anatafuta pumzi kama zamani. Aliponiona akageuza uso.

Padri anasema jicho ni ushirikina. Huenda. Mie sijui jicho linafanya nini. Ninajua tu nilivyomtazama.

Nilimwambia Mzee Kibwana kwamba ulimi wangu uliteleza. Alikuwa anaosha chupa za dawa. Hakugeuka.

"Ulimi wako haujawahi kuteleza miaka miwili. Ulichagua siku hiyo?"

Nikaanza kupangusa mizani.

"Daktari anakuja mwisho wa mwezi. Kadi isiyokuwa na alama wiki nne anaifuta, na akiifuta, yule mtoto haji tena na moyo wake unajiendea." Akaweka chupa kwenye kitambaa. "Nenda kwao. Usitume salamu, usitume mtu. Miguu yako."

"Nikaseme nini, Mzee?"

"Utaulizwa."

Nilikwenda Jumatano, alasiri, na sare ya shule. Mzee Salim alikuwa dukani anapima sukari. Nikasema shikamoo, akasema marahaba bila kuinua macho, akanionyesha mlango wa uani kwa kidevu. Bibi alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele, na Zuhura yuko chumbani nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kupima nini?"

"Nimekuja kuomba radhi."

Bibi aliendelea kuchambua. Alitupa mchanga wote wa ungo ule kabla hajasema tena. Kisha akaagiza beseni la maji. Akaniambia kwamba kwao, mtu akimtazama mwenzake kwa jicho, hunawa uso na mikono na miguu, na maji yale huogeshwa aliyetazamwa. Si uganga, akasema, ni mafundisho waliyoyakuta. Lakini maji hayachukuliwi kwa mtu kwa nguvu. Lazima atoe mwenyewe, na lazima kwanza akiri kwamba alitazama.

Nilifikiria padri. Nilifikiria mama, ambaye angesema nimejitia uchawini kwa mikono yangu. Na nilifikiria lile kubwa zaidi, kwamba nikinawa, kesho Temeke nzima itajua kwamba Skola wa karani, yule mpole, ana wivu. Mie niliyechaguliwa kwa sababu sisemi.

"Nilimtazama," nikasema.

"Kwa nini?" Bibi aliuliza. "Ulitaka unene wake?"

"Hapana."

"Ulichukia kwamba amekonda?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa ulimwonea nini? Hana mama. Tumbo lake lilikaa na njaa miezi mizima. Ulimwonea nini?"

Pazia lilitulia kabisa. Nikasema, na safari hii sauti ilikuwa ile yangu ya kawaida, ya kunong'ona, "Anavyotembezwa na baba yake."

Bibi aliacha mchele. Alinitazama kwa muda, kutoka magotini kupanda juu, kama anayeniona sasa hivi. "Hilo," akasema, "maji hayaliondoi." Lakini akasogeza beseni mbele yangu. "Nawa tu. Tutaanzia hapo."

Nikanawa. Uso, mikono mpaka viwikoni, miguu. Maji ya kisima, baridi. Bibi akayabeba nyuma ya pazia, nikasikia yakimwagwa, na Zuhura akapiga ukelele, "Bibi! Baridi! Huyu ana damu ya samaki?" na bibi akamwambia, "Nyamaza, mgonjwa hachagui." Nilicheka bila kutaka. Nadhani naye alicheka; kwa sababu ya pazia siwezi kuapa.

Nilipotoka, Mzee Salim alikuwa mlangoni pa duka. Ukuta wa pale ni mwembamba, kila kitu kinasikika. Alimwita kijana wa jirani amshikie duka, akachukua bakora.

"Kwenu ni kule kwenye mchongoma?"

"Ndiyo, Baba. Si mbali."

"Twende."

Alitembea vile vile, mbele kidogo, kanzu mkononi. Mie nilikuwa nyuma na daftari zangu. Tukafika kwenye kona. Hapo akageuka kidogo akasema, si kwa ukali, "Mikono, binti. Mbona umeibana kama umeiba? Tembeza mikono." Nikaitembeza. Watu walitutazama. Nilitaka nyumba yetu iwe Mtoni.

Kabla hatujakata kona nilitazama nyuma. Zuhura alikuwa ametoka mpaka barabarani, nywele zinachuruzika, kanga imemshika mwilini, hana hata viatu. Nikampungia mkono. Hakupunga. Alikuwa anautazama mgongo wa baba yake, kisha akanitazama mie, na yale macho niliyajua vizuri kuliko mtu yeyote Temeke.

Nyie wawili, nimewaandikia mengi kuhusu chuma na kadi, na hayo mtayashika baada ya wiki mbili. Lililobaki ni dogo. Mkimwona mtu kwenye mizani na mkahisi kitu kinawapanda kooni, mpeni mwenzenu penseli, mtoke nje kidogo, mseme mnakwenda kuchota maji. Msimalize kumpima. Mie sikutoka.

Mzee Kibwana anasema ni maji yale ndiyo yaliyomrudisha Zuhura. Bibi anasema hivyo hivyo, na mie siwabishii wakubwa. Jumamosi baada ya kunawa nilifika mapema kusawazisha mizani, jua bado liko chini, na kwenye benchi Zuhura alikuwapo tayari. Alikuwa ametembea mpaka Mtoni na kurudi. Amekaa karibu kabisa na baba yake, na mkono wa mzee ameukamata kwa mikono yote miwili.